Bolti Sita, Jina Moja

Kaeni vizuri, na anayetaka kubisha angoje nimalize, nafasi yake ipo. Walikuwa watu watatu. Fidelis Simbeye, fundi wa magurudumu, mkavu wa maneno, alijua vipimo. Alkwini Sichalwe alikuwa na pikapu, na alikuwa na moyo wa kutoa. Kapufi, dereva wa Haisi, alikuwa na mkono mtulivu na ulimi usiotulia. Mama Veneranda ndiye aliyewaahidi, kwa kinywa chake mwenyewe, kitu kisichogawanyika.

Asubuhi moja alimpakia binti yake Odilia kwenye Haisi ya Kapufi, watoke Muze bondeni wapande mlima hadi hospitali ya Sumbawanga. Mtoto alikuwa amekaa vibaya tumboni, na mkunga alisema bila upasuaji wangepotea wote wawili. Fidelis alikuwa abiria tu. Katikati ya mlima tairi ya nyuma ikapasuka, rimu ikapinda.

Kapufi akashusha tairi ya akiba. Aliitoa kwenye pikapu moja iliyokufa zamani, na siku alipoitoa alichokagua ni idadi ya matundu ya bolti basi.

"Sita kwa sita, Mama, ondoa shaka."

Rimu ikaingia kwenye bolti mbili, nne zikakataa. Kapufi akatafuta nyundo. Ndani ya gari Odilia akapiga ukelele, na Mama Veneranda akasimama katikati ya barabara. Katika nyumba yao, jina la mjukuu wa kwanza ni haki ya bibi, naye alikuwa ameliweka akiba jina la marehemu mama yake miaka yote. Akaliachia pale pale barabarani, watu wote wakisikia.

"Atakayemfikisha mwanangu hospitali ndiye atakayempa mtoto jina. Naapa mbele ya Mungu!"

Kwenye kona ya juu ilisimama pikapu iliyopasuka bomba la rejeta. Alkwini alikuwa akiusafirisha mwili wa mama yake kwenda Muze. Maziko yalikuwa saa kumi, padri anasubiri, na bodaboda ilikuwa imefuata bomba jipya.

"Na hiyo nayo ina bolti sita," Kapufi alisema kwa uchungu. "Sita za uongo kama hizi zangu. Tusipoteze muda."

Wote wakakubali, isipokuwa Fidelis. Alichomoa uzi kwenye pindo la kanga ya Mama Veneranda, akauvuta kutoka katikati ya bolti moja ya Haisi hadi katikati ya inayoitazama, akapiga fundo. Akaupeleka kwenye tairi ya akiba: matundu yalipishana na uzi kwa upana wa ukucha. Akaupeleka kwenye pikapu, akainama muda mrefu.

"Hii inaingia," alisema. "Idadi ni ile ile, nafasi ndiyo tofauti. Ifungueni."

Alkwini akalitazama jeneza. Tairi yake ya akiba alikuwa ameshaifunga tangu alfajiri.

"Nikiwapa gurudumu, bomba likija sitaondoka hapa."

Odilia akalia tena. Alkwini akashika spana mwenyewe, akafungua nati zote sita bila kuinua uso. Bomba lilifika saa saba. Yeye alikaa pale na mama yake, akimfukuzia nzi, hadi kesho yake aliporudishiwa gurudumu. Padri alikuwa ameshaondoka na waombolezaji wametawanyika. Mama yule alizikwa bila misa, na watu tisa.

Gurudumu la pikapu lilikuwa kubwa kidogo, Haisi ikaenda imeinama upande wa korongo. Kapufi aliendesha polepole. Kila kona alisimama, akashuka, akakaza nati, akapanda, hadi ngozi ya viganja ikachubuka. Saa tisa, hospitalini, mtoto wa kike alilia, na mama yake alikuwa hai.

Sasa ni siku ya ubatizo, na wote watatu wamekuja.

"Gurudumu lilikuwepo mbele yenu, mkaamua kuliacha," Fidelis amesema. Hana mtoto, na daktari alishamwambia hatapata.

"Mimi naomba jina la mama yangu," amesema Alkwini. "Sikumzika inavyopaswa. Naomba liishi."

Kapufi ameongea kwa sauti ndogo. "Kosa la tairi ni langu, nalikubali. Lakini uliapa kwa atakayemfikisha, Mama. Aliyemfikisha nani?"

Mama Veneranda amemkumbatia mjukuu wake mbele ya altare. Anawapenda wote watatu, na anaogopa kiapo chake. Padri ameinua maji.

"Mtoto huyu anaitwa nani?"

Wanaume watatu wanamtazama. Wewe unayenisikiliza, tuseme mtoto huyo yuko mikononi mwako na padri anangoja. Je, ungeamua vipi?