Mkulima na Mkewe Kwenye Uwanda wa Maua

Wapendwa, ni nani hapa aliyewahi kufika Kitulo mvua zikiwa zimeshika? Kule juu kwenye baridi, uwanda mzima huchanua maua: ya manjano, ya zambarau, mekundu, mengine madogo kama punje za ulezi. Watu huvuka bahari kuja kuyaona.

Basi, alikuwepo mkulima wa viazi, nyumba yake bondeni, chini kidogo tu ya uwanda huo. Mkewe alipokuwa binti alizoea kupita huko na mama yake, na hamu ya yale maua haikumtoka. Kila yalipochanua alimwambia mumewe, "Baba Atupele, twende juu tukayaone. Siku moja tu."

Naye alimjibu, "Maua tutakula? Tupalilie kwanza."

Wakapalilia, wakavuna. Watoto wakakua, wakaondoka. Kisha macho ya Mama Atupele yakaingia ukungu, na mwishowe yakazima kabisa. Hapo ndipo majuto yalipomshika yule mzee. Msimu wa maua ulipofika akamshika mkewe mkono, wakapanda mlima polepole, wakipumzika mara kwa mara.

Walipofika, mama akavuta pumzi, akatabasamu. "Haya, niambie unaona nini."

"Naona maua."

"Najua ni maua, Baba Atupele. Yakoje?"

"Ni mengi."

"Yale ya zambarau yapo? Yana madoa ndani?"

Mzee akatazama huku na huku. Je, hakuwa na macho? Alikuwa nayo, tena mazima! Uwanda ule aliukatiza miaka yote akienda mnadani, wala hakuwahi kuinama. Ungemuuliza udongo unaofaa viazi, angekueleza mpaka uchoke.

Akapiga magoti kwenye nyasi mbichi, akasogeza uso karibu na ua moja. Akakaa hapo kitambo. Mama akasikia analia.

"Yana madoa," akasema. "Kumbe yana madoa! Mama Atupele, ndicho ulichokuwa unaniomba siku zote hizo?"

"Hapana," mama akajibu. "Maua ningekuja kuyaona peke yangu, njia naijua. Nilikuwa nakutaka wewe. Nilitaka tuyatazame sote wawili."

Mmesikia, ndugu zangu? Mzee alidhani mkewe anatamani maua!

Na sisi je? Nyumbani kwako yuko anayekuomba kitu kidogo, nawe unapima kitu chenyewe, unaona hakina faida. Humwoni anayeomba. Na Mungu, mnadhani alichanusha maua yote yale mahali pasipolimwa ili iweje? Anatutamani, wapendwa. Anataka tukae naye tutazame alichofanya, na sisi tunamwambia tuna kazi.

Mkifika nyumbani leo, kabla ya kuketi mezani, mshike mkono mtu wako mtoke nje. Chakula kitapoa. Acha kipoe.