Wavu wa Lyamagoda

Asikiaye shangwe na aguse wavu.

Mmeisikia methali hii leo kikaoni, Mzee Mwalongo alipomkata kauli yule bwana aliyekuja na habari za jirani yake. Nikawaona mnatazamana, mkidhani mzee wa watu ameanza kuzungumzia uvuvi. Si uvuvi. Wavu unaosemwa ni wa goli, na shangwe ni ya uwanjani. Mmeniuliza methali hii imetoka wapi, nami leo sina pa kukimbilia, basi tulieni niwape chimbuko lake.

Lyamagoda ni mji wa chai, juu milimani huko kusini. Ukungu wa huko haushuki kutoka juu. Hupanda kutoka mabondeni, taratibu, bila kelele, ukifunika kwanza mashamba ya chai, kisha mapaa ya nyumba, kisha watu. Unaweza kuwa unazungumza na mtu njiani, mara miguu yake ikapotea, halafu kiuno, mwishowe ukabaki unaongea na sauti tupu. Wenyeji wamezoea. Wanaiaga ile sauti na kuendelea na safari yao.

Mji wa namna hiyo ukiwa na timu ya mpira, hauna budi kutafuta njia ya kuitazama. Watu wa Lyamagoda waliipata. Nyuma ya goli la wageni aliketi mzee mmoja mchumaji chai, jina lake Kidenya, na ngoma kubwa kati ya magoti yake. Timu yao, Majani FC, ikifunga, Kidenya alipiga ngoma pigo moja tu, zito, na uwanja mzima uliinuka kushangilia, hata wale ambao hawakuona zaidi ya pua zao. Timu zikibadilishana magoli wakati wa mapumziko, naye alijitwisha ngoma yake akahamia upande wa pili. Kwa miaka ishirini na miwili ngoma ile haikukosea hata mara moja. Ikafika mahali watu hawasemi tena "tumefunga." Walisema, "Kidenya amepiga."

Sasa, mwaka mmoja ligi ilifika siku yake ya mwisho na bingwa hajapatikana. Majani FC walikuwa nyumbani wakiwapokea Mkonge United, timu kutoka pwani. Majani walihitaji kushinda. Mkonge sare iliwatosha. Na mwamuzi aliyepangwa alikuwa Melkiori Tesha, mwalimu wa jiografia kutoka Moshi.

Huyu Melkiori alikuwa na jeraha lake. Miaka mitatu kabla ya siku hiyo, katika mechi kubwa mjini, alitoa penalti, wachezaji wakamzingira wakipiga kelele, naye akaogopa akaifuta. Picha zilipotazamwa ikaonekana uamuzi wake wa kwanza ndio uliokuwa sahihi. Kamati ya waamuzi ikamfungia msimu mzima. Magazeti yakampa jina la Kigeugeu, na jina hilo likamfuata sokoni, kanisani, mpaka darasani. Mtu anaweza kusahau jina la babu yake, lakini jina la kejeli halisahau mtu hata siku moja.

Mwenyekiti wa kamati alipompigia simu kumpa mechi ya Lyamagoda, hakuzunguka mbuyu. "Tesha, nimekutetea mpaka nimechoka. Safari hii ukipuliza, umepuliza. Ukigeuza uamuzi tena, baki na ramani zako."

"Nimekuelewa, mwenyekiti," alisema Melkiori. Na alikuwa amemwelewa hasa, maana usiku wote ule aliota anapuliza filimbi isiyotoa sauti.

Mechi ilianza saa tisa na nusu alasiri, jua likiwaka vizuri tu. Kipindi cha kwanza kikaisha bila bao. Katika dakika ya sitini ukungu ukapanda, na Melkiori akasimamisha mchezo kama sheria inavyotaka. Mwamuzi akisimama katikati ya uwanja asiyaone magoli yote mawili, mpira hauchezwi. Wakangoja robo saa, ukungu ukapungua, wakaendelea. Mpaka hapo alikuwa ametenda haki, na mimi simlaumu kwa lolote.

Dakika ya themanini na saba ukarudi. Safari hii ulikuja laini, mweupe, kama maziwa yanayomiminwa kwenye bakuli. Melkiori akatazama goli moja akaliona. Akatazama la pili akaona kitu kinachofanana na goli. Moyo wake ukamwambia, zimebaki dakika tatu tu, nani asimamishe mechi ya ubingwa kwa dakika tatu? Akajidanganya kwamba ameliona. Ndugu zangu, kosa lake lilianzia hapo, na yeye mwenyewe hakuwahi kulificha.

Kwa muda ikawa kama wote wamo ndani ya ndoto moja. Wachezaji waliibuka karibu yake, wakubwa kuliko kawaida, wakayeyuka tena. Viatu vilisikika kulia, mwenyewe akatokea kushoto. Melkiori alikimbia akiufuata mlio wa mpira, na ilimjia raha ya ajabu, raha ya mtu anayeogelea macho yakiwa yamefumbwa. Jukwaa lilinyamaza. Watu elfu nane walikuwa wanasikiliza.

Mara, mbele yake, mtu akaupiga mpira kwa nguvu. Kukawa na kimya kifupi. Kisha wavu ukasikika ukitikisika, na ngoma ya Kidenya ikalia.

Shangwe iliyofuata iliutetemesha uwanja. Ilitoka pande zote, kwa sababu hakuna aliyeonekana, ikawa kana kwamba ukungu wenyewe ndio unaoshangilia. Na kabla Melkiori hajafikiri, filimbi ilikuwa imeshalia na mkono wake unaonyesha katikati. Bao. Majani mabingwa.

Mwamuzi msaidizi wa upande ule, Zaituni Chaula, akatokea kwenye ukungu, kibendera kikining'inia mkononi.

"Umeliona, Zaituni?"

Zaituni akalamba midomo. "Nimesikia ngoma, kaka."

Melkiori akaishusha filimbi yake. "Hata mimi," alisema.

Kipa wa Mkonge, Hemedi Shekue, alikuja akitembea, glovu zimeloa. Hakupiga kelele wala hakumgusa mtu. "Refa, sijafungwa."

"Kila kipa husema hivyo."

"Ni kweli. Basi usinisikilize mimi. Njoo uguse wavu."

Nahodha wa Majani, Sanga, alikuwa ameukumbatia mpira kifuani kama mtoto mchanga. Aliposikia hayo akajitia katikati. "Refa, umeshapuliza! Uwanja mzima umesikia. Au unataka tukuite lile jina lako?"

Lile jina lake. Melkiori alitazama lilipo jukwaa, ambako kamisaa wa mechi alikuwa ameketi na kalamu yake, akaona weupe mtupu. Kamera za televisheni nazo zilikuwa zinapiga picha za weupe huo huo. Hakuna ambaye angeweza kumsuta, leo wala kesho. Alichotakiwa kufanya ni kukaa kimya tu na mpira uwekwe kati.

Halafu akamwambia Sanga, "Ngoja," akaenda golini, Zaituni akimfuata nyuma.

Wavu ulikuwa mzuri kuutazama. Ukungu ulikuwa umeacha tone kwenye kila fundo, na wavu wote wa nyuma ulining'iniza matone yake yametimia, hakuna lililoanguka. Mpira haukupita hapo. Akahamia ubavuni, karibu na mlingoti wa kulia. Hapo, usawa wa goti, palikuwa na sehemu iliyopukutika matone, upana wa sinia.

"Umegonga hapa," alisema Zaituni. "Lakini kwa ndani au kwa nje?"

Melkiori akainama. Akaubana uzi kwa vidole viwili, dole gumba ndani ya goli, kidole cha shahada nje, akavuta taratibu. Kisha akavifungua na kuvitazama. Dole gumba lilikuwa na maji safi. Kidole cha nje kilikuwa na tope jekundu la Lyamagoda, lile lile lililoupaka mpira tangu ukungu wa kwanza.

Akaukagua wavu mpaka chini, akavuta vigingi kimoja kimoja. Hapakuwa na tundu. Mpira ulipita nje ya mlingoti, ukaugonga wavu ubavuni na kuanguka. Kidenya, akiwa nyuma kwenye ukungu, aliona wavu umecheza akapiga ngoma kwa moyo safi. Watu walishangilia ngoma. Zaituni aliamini shangwe, na yeye Melkiori akawaamini wote.

Bukta yake ilikuwa nyeusi. Kidole kimoja kingefutika hapo bila kuacha alama. Aliogopa kama siku ile ya penalti, na alijua kwamba anaogopa. Safari ile woga ulimwambia abadili. Leo ulimwambia asibadili. Akatambua kwamba ni woga ule ule, umegeuza shati tu.

"Kidole ni chako, kaka," alisema Zaituni kwa sauti ya chini. "Ila mimi nina macho."

Melkiori akarudi uwanjani akauinua mkono wenye tope. "Hakuna bao. Mpira ulitoka nje, kipa ataanza. Na hatuchezi tena mpaka niyaone magoli yote mawili. Hilo nilipaswa kulisema mapema. Kosa ni langu."

Habari ilipanda jukwaani kutoka mdomo hadi mdomo, na ilipofika juu ikarudi ikiwa neno moja. Kigeugeu! Watu elfu nane waliliimba neno lile ndani ya ukungu. Melkiori alisimama peke yake kwenye duara la kati, mikono nyuma, akilipokea. Machozi yalimlengalenga, na namshukuru Mungu ukungu ulimsitiri.

Ndipo Mzee Kidenya akaiacha ngoma yake, akaja taratibu mpaka ukingoni mwa uwanja.

"Kamwene, refa," alimwamkia kwa kilugha chao.

"Kamwene, mzee."

"Wanasema ngoma yangu imesema uongo."

"Haikusema uongo, mzee wangu. Ilikosea. Na mimi nilikosea zaidi, maana kuangalia ndiyo kazi yangu, nikasikiliza. Nenda ukaguse."

Mzee akaenda. Akaubana wavu kama alivyoelekezwa, dole gumba ndani na kidole nje, akavileta karibu na macho yake ya kizee. Kisha akapanda jukwaani, kidole kimeinuliwa, na kila alikopita wimbo ulififia. Wazee wawili wakashuka wakaomba ruhusa kwa kamisaa, nao wakagusa. Nahodha Sanga akaja, akagusa, akaondoka na kuuweka mpira chini. Watu wengine wakajipanga nyuma ya uzio wa goli, mmoja mmoja wakitoka kwenye weupe, wakipenyeza mkono mpaka kwenye wavu, wakitazama vidole vyao na kurudi kwenye weupe.

Baada ya dakika arobaini ukungu ukaondoka ulivyokuja. Zikachezwa dakika chache zilizobaki kwenye jua jepesi la jioni, bila bao, na Mkonge wakawa mabingwa. Watu wa Lyamagoda walilia sana siku ile, msije mkadhani waliona raha. Haki nayo huuma.

Kamisaa aliandika ripoti yake, na Melkiori akaandika ya kwake. Sentensi ya kwanza ilisema, "Nilipuliza kwa kusikia." Kamati haikumfungia, lakini haikumpa tena mechi ya ubingwa, akamalizia miaka yake ya filimbi kwenye madaraja ya chini. Hayo mimi sikuyapenda, na mpaka leo siyapendi.

Ila jioni ile, gari la waamuzi lilipokuwa linatoka getini, muuza nyama mmoja mnene alilipiga bodi kwa kofi. "Toka hapa, Kigeugeu! Umetuuza!"

Dereva akasimama, maana watu walikuwa wengi mbele. Kidenya alikuwa hapo, ngoma mgongoni. Akamshika yule bwana bega.

"Wewe ulikuwa wapi mpira ulipopigwa?"

"Jukwaani, juu kabisa."

"Uliona nini?"

"Kuona sikuona. Lakini shangwe niliisikia, mzee! Nani hakuisikia?"

"Ulishuka ukagusa?"

Muuza nyama akauondoa mkono wake kwenye bodi ya gari.

Kidenya akanyoosha kidole chake kikavu, tope likiwa bado limegandia kwenye ukucha, akakileta mbele ya uso wa yule bwana, kisha mbele ya wote waliokuwa getini. Ndani ya gari Melkiori alikuwa ameinamisha kichwa. Akasikia jina lake likitajwa, lile alilopewa na mama yake.

"Huyu anaitwa Melkiori Tesha," alisema mzee. "Ole wake atakayemwita vinginevyo katika mji huu. Miaka ishirini na miwili nimewapigia ngoma, na hakuna hata mmoja wenu aliyewahi kuja kutazama kama nasema kweli. Kuanzia leo, mkinisikia mimi au mkimsikia mtu mwingine yeyote, asikiaye shangwe na aguse wavu."