Maji Yaliyokosa Pa Kulala

Sogeeni, wajukuu zangu. Anayesinzia akanawe uso. Mpo wote? Haya.

Palikuwa na Pazi, mkulima wa mpunga, na mkewe Sikitu. Kando ya shamba lao palikuwa na kinamasi cha matete, na kila masika maji ya mto yalilala humo mpaka mvua ikatike. Watu walikata matete ya kuezekea tu, pale hawakulima. Pazi akafyeka yote, akapanda mpunga.

Masika yakaja, maji yakapiga hodi.

"Pazi, kitanda changu umekilima. Nilale wapi?"

Pazi akacheka. "Nenda kwa jirani Mkwachu, ana nyumba kubwa."

Maji yakaenda. Kulipokucha hapakuwa na Mkwachu wala paa lake.

Siku ya pili, hodi tena. "Nilale wapi?"

"Kwa mama mkwe, kule bondeni. Mzee yule ana kazi gani?"

"Mume wangu, huyo ni mama yangu!"

"Nyamaza! Wataka yaingie kwetu?"

Maji yakaenda. Mama wa watu alikutwa amenasa kwenye mgomba, kinywa kimejaa tope.

Siku ya tatu, hodi. Pazi akawa anafikiri ni nani aliyesalia. Sikitu akamtangulia mlangoni, akaondoa komeo.

"Karibu, mgeni. Kitanda cha bwana huyu ni kipana."

"Mke wangu, tutakufa!"

"Sogea basi, mgeni apate nafasi."

Siku hizi matete yameota juu ya nyumba ile. Mimi nimemaliza, wajukuu zangu. Fukieni moto.