Mkeka wa Mto

Haya kaeni. Kaeni chini msikilize. Zamda, sogea huku, huo moshi unakufuata makusudi. Kibwana, acha kuchokonoa moto, mahindi hayaivi kwa kuchunguliwa.

Paukwa.

"Pakawa."

Hamjala nyie? Paukwa.

"Pakawaaa."

Sawa, sasa nawasikia. Hapo zamani za kale, kabla huu mtaa wetu haujawa mtaa, kabla ya barabara, kabla ya bomba, hapa alikuwepo Mto tu. Mto, na kenge, na matete. Basi akaja bibi mmoja, Bi Sikudhani, jembe begani, kuku kwapani. Anataka kujenga. Lakini bibi ana adabu zake, hajengi kwa mtu bila kubisha. Akasimama ukingoni.

"Hodi, Mto. Nataka kukaa hapa."

"Karibu," Mto akasema. "Ila mimi nina mkeka. Kiangazi naukunja, masika nautandika. Usijenge juu ya mkeka wangu."

"Unafika wapi?"

"Kaa uone."

Bibi akakaa. Akapanda juu ya kichuguu na kuku wake, akangoja masika. Mvua ikapiga. Mto akaja, akaja, akaja, akatandika, akalala. Pale maji yalipokomea, Bi Sikudhani akachomeka kijiti cha mnyaa, ule mti wa utomvu wa kuzungushia ua. Akachomeka na mwingine. Ukawa ua mzima. Upande wa juu wa minyaa akajenga kibanda, upande wa chini, wa mtoni, akapanda magimbi.

"Magimbi sawa," Mto akasema. "Hayo hayanichomi mgongo."

"Na kuku?" Zamda anauliza.

Kuku alitaga palepale kichuguuni. Usinikatize, nitasahau.

Akaja wa pili, mfyatua tofali, anaitwa Mzee Ndomba, yeye na wanawe. Naye akabisha. "Hodi, Mto. Mkeka wako unafika wapi?"

"Kamuulize bibi," Mto akasema. "Mimi nina usingizi."

Bibi akamwonyesha minyaa. Ndomba akachimba udongo, akafyatua, akachoma, akajenga juu ya minyaa. Aliyefuata tofali akaja, aliyekuja akapapenda, aliyepapenda akajenga. Likaja genge la nyanya, akaja kinyozi, ukaja msikiti, likaja kanisa, ikaja shule. Likaja na daraja la magogo, ukipita linalia. Na kila mgeni, kabla hajafungua hata furushi lake, anapelekwa ukingoni, anabisha hodi, anachomeka mnyaa wake mmoja. Hiyo ndiyo ilikuwa desturi. Na watoto wanaimba, imbeni na nyie:

Mto, Mto, mkeka wako wapi?
Masika utandike, kiangazi ukunje,
sisi tutakaa kando.

Kibwana, we unaimba au unakohoa?

Akaja wa tatu. Bwana Fumbwe, miwani myeusi, futi kamba mkononi. Akaja kiangazi, jua kali, Mto amejikunja kule mbali, mwembamba kama mshipi. Chini ya minyaa watoto wanacheza mpira.

"Eneo lote hili mnachezea mpira tu?" Fumbwe akauliza.

Mwajabu, mjukuu wa Bi Sikudhani, alikuwa anakaanga maandazi barazani, kwenye nyumba ileile ya bibi yake. "Kaka, bisha hodi kwanza. Hapo pana mwenyewe."

"Mwenyewe yuko wapi?"

"Amekunja mkeka."

Fumbwe akacheka mpaka miwani ikadondoka. "Dada, mimi siongei na maji. Maji nayanywa."

Akakata minyaa. Akamwaga kifusi. Akapandisha jumba, na ukuta mrefu kutoka matetani mpaka darajani, na ndani akaweka makochi mekundu.

Masika yakafika. Mto akarudi amechoka, mkeka kichwani.

"Hodi."

"Nani?" Fumbwe anauliza dirishani.

"Mwenye mkeka."

"Rudi ulikotoka."

"Siwezi. Nyuma wadogo zangu, vijito, wananisukuma, nao wamechoka."

Ukuta ukamzuia. Mto akazunguka, akapanda, akafika mlangoni kwa Mwajabu. Ndani watoto wake wanakula, na nyuma ya nyumba ni mtaa mzima.

"Hodi, Mwajabu."

"Mto, hapa si kwako."

"Najua. Kwangu kuna mtu. Nilale wapi?"

"Akalale shuleni," anasema Kibwana.

Wewe shule tu ndiyo inakukera. Mwajabu akagonga debe, watu wakatoka na sururu na nyundo, maji magotini, wakaenda mpaka ukutani. Fumbwe yuko juu ya paa, amekumbatia kochi moja.

"Ukuta wangu msiguse."

"Kaka Fumbwe," Mwajabu akasema, "huyu asipopita hapa anapita kwangu, kisha kwa kina Ndomba, kisha shuleni. Halafu anakurudia wewe na miwani yako. Unajua kuogelea?"

Fumbwe akatazama chini. Maji yameshafika madirishani. Akaliachia kochi, akasema, "Nipeni sururu."

Akapiga yeye mwenyewe wa kwanza. Ukuta ukaenda. Mto akapita, makochi mekundu yakapita, na juu ya moja amekaa kenge, kichwa juu, kama mwenyekiti wa mtaa. Mto akatandika. Akalala. Akakoroma.

Kiangazi, Fumbwe akaenda ukingoni peke yake. "Hodi," akasema. Akachomeka minyaa upya, mmoja mmoja, akajenga nyumba ndogo kando ya Mwajabu. Kochi hana. Ana mkeka.

Basi shikeni hili: mtu akikunja mkeka wake, hajahama.

Hadithi yangu imefika kwenye minyaa, haivuki. Ila jana nimemwona mtu na futi kamba kule uwanjani, chini ya minyaa, anapima, anacheka. Sasa Zamda, Kibwana, na wewe uliyekaa kimya hapo: Mto akija mlangoni kwako akasema, "Hodi, kwangu kuna mtu, nilale wapi?", wewe utafanya nini?