Bibi wa Bonde la Samiti

Wametusimulia waliotutangulia, Mwenyezi Mungu awarehemu, kwamba katika milima ya Yemeni palikuwa na mwalimu mchaji aliyeitwa Shekhe Labidi bin Mus'abi. Alikuwa mtu wa ibada nyingi na usingizi mchache, ila ulimi wake ulikuwa mkali kwa kila neno asilolikuta kitabuni. Akapelekwa kufundisha dini katika kijiji cha Rahaba, ambacho watu wake walikuwa wamesilimu miaka michache tu nyuma.

Chini ya kijiji hicho palikuwa na bonde dogo, tambarare kama sinia, likiitwa Samiti. Hakuna aliyelima pale. Wenyeji walisema humo anakaa Bibi asiye na uso. Bibi huyo hupenda wafupi: mbuzi kabla ya ng'ombe, mtoto kabla ya mzazi. Humbusu anayeinama, na aliyebusiwa hasimami tena. Humwita mtu kwa sauti ya mama yake. Upepo ukivuma huwa amekwenda matembezini. Upepo ukilala, yuko nyumbani. Basi aliyelazimika kukatiza bondeni alitanguliza kuku aliyefungwa kamba mguuni. Kuku akianguka, mtu hurudi alikotoka.

Shekhe aliposikia hayo alighadhibika. "Hii ni shirki iliyo wazi! Kuku huyo mnampelekea nani, kama si shetani?" Akapiga marufuku kuku, na kamba, na hata kulitaja jina la Bibi.

Mwaka wa tatu mvua ikakatika. Visima vikawa tope, na mifugo ikaanza kufa. Shekhe akatangaza swala ya kuomba mvua, akaapa mbele ya kaumu nzima kwamba itaswaliwa ndani ya Samiti, wanaume kwa wanawake na watoto wao, ili paji la uso la Muislamu liguse ardhi ile na uongo wa Bibi ufe. Watu wakatazamana. Hakuna aliyethubutu kupinga, ila mjane mmoja, Bi Tumadhiri, aliyekuwa wa kwanza kusilimu pale Rahaba. Alimfuata Shekhe mlangoni kwake.

"Shekhe wangu," alisema, "mimi simwabudu Bibi, wala simwogopi kuliko Mola wangu. Lakini dada yangu alishuka kule kuokota kuni. Tulimkuta amelala kifudifudi, hana jeraha, kama mtu aliyechoka. Nyanya zetu hawakuwa waongo."

"Mama yangu, hadithi si ushahidi."

"Basi iulize hiyo hadithi inashuhudia nini."

Shekhe akamuaga kwa adabu.

Siku moja kabla ya swala, jua likiwa utosini, Labidi alishuka bondeni peke yake kufagia mawe. Upepo ulikuwa umelala. Kadiri alivyoshuka, sauti zilimwacha moja baada ya moja: kwanza kengele za mbuzi, kisha ndege, kisha hata nzi. Katikati ya bonde aliona mbweha amejikunja. Hakuwa na jeraha, na juu ya macho yake yaliyo wazi hapakuwa na mdudu hata mmoja. Shomoro watatu walilala kando yake, mabawa yamekunjwa vizuri, kana kwamba kuna aliyewapanga.

Nywele zikamsimama. Akasoma aya ya Kursiyyi, akajilaumu kwa hofu yake, akaamua kuswali rakaa mbili papo hapo. Aliposimama hakuhisi kitu. Aliporukuu, harufu kali kidogo ikamchoma puani. Aliposujudu, moyo ulianza kumwenda mbio, na viungo vikawa vizito kama vya mtu aliyezama. Ndipo aliposikia mama yake, aliyekufa mjini Zabidi miaka ishirini nyuma, akimwita kwa jina lake la utotoni, polepole, kutoka chini ya udongo. *Lala, baba. Lala.*

Naye alitaka kulala.

"Simama!" Sauti nyingine ilipasuka kutoka ukingoni. "Usivute pumzi, mwanangu! Simama!"

Alikuwa Bi Tumadhiri, aliyemfuata kwa mbali. Labidi akajiinua kwa mikono, akapepesuka hadi juu, akaanguka miguuni pa mjane yule akihema. Bi Tumadhiri alitoa kuku chini ya shuka yake, akamteremsha kwa kamba mpaka chini. Kuku akapiga hatua nne, akainamisha kichwa, akalala.

Shekhe akaziona safu za kesho: watoto mbele ya mama zao, wote vipaji chini. Akalia.

"Sitamwambia mtu," alisema mjane. "Hili ni lako na Mola wako."

Njiani nafsi ikamnong'oneza: hamisha swala, sema tu kilimani ni karibu zaidi, ukikiri, watarudi kwenye upotofu wao, na nani atakusikiliza tena? Alipigana nayo usiku kucha.

Asubuhi aliwapandisha watu kilimani, akasimama mbele yao. "Niliapa kwa ujinga," alisema. "Nitafunga siku za kafara ya kiapo changu. Jana nilisujudu Samiti, na lau si Bi Tumadhiri, mngekuwa mnanizika. Na leo ningewaua nyinyi nyote."

Mkuu wa kijiji, Ghiyathi, akauliza kwa sauti ndogo, "Kwa hiyo Bibi yupo?"

"Bibi hayupo. Kifo ndicho kilichopo. Ardhi ile hutoa pumzi mbaya, nzito kama maji, hujaa hadi magotini pasipo na upepo. Wazee wenu waliijua, hawakuwa na jina la kuiita, wakaipa la Bibi ili mtoto asiyejua kusoma aikumbuke. Kuku hakuwa sadaka. Alikuwa mpelelezi. Msiiabudu hadithi hiyo, wala msiidharau."

Kuhusu sauti aliyoisikia, hakueleza siku ile wala baadaye.

Wakaswali. Mvua ilichelewa hadi siku ya tisa, nayo ilikuwa haba. Wakajenga ukuta kuzunguka bonde, na hakuna aliyerudi upotofuni. Toka hapo wasafiri wakifika, Msindi na zimwi la kisima chake, Mhabeshi na joka la ziwa lake, Mrumi na lango la wafu ambalo ndege hawapiti juu yake, Labidi hakuwakatiza tena. Aliwakirimu, akawasikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza swali moja:

"Nani alikufa kwanza, hata mkaitunga hadithi hii?"

Enyi waja wa Mola, kukiri kosa ni kuchungu, lakini kimya cha mwenye kiburi kina makaburi mengi.