Chuchu za Baba Zilivyokauka

Hadithi yangu imefika mlangoni, inabisha hodi. Ifungulieni, ipeni kigoda, nayo itakaa nasi.

Mmeniuliza jambo ambalo watu wazima wakiulizwa hukohoa na kutazama dari. Mmeuliza baba ana chuchu za nini, ikiwa hamnyonyeshi mtu. Mimi sitakohoa. Tulieni niwaeleze.

Hapo kale, kabla watu hawajajua kupanda masale kwenye mipaka ya mashamba yao, wanaume na wanawake wote walinyonyesha. Muumba alimpa kila mtu matiti yenye maziwa, maana aliona mtoto ana mdomo mmoja lakini kilio chake ni cha ukoo mzima. Mama akienda kulima, baba alibaki na mtoto. Baba akienda kutega nguruwe, mama alibaki. Barazani ungewakuta wanaume wakiamua kesi ya mbuzi aliyekula mihogo ya jirani, kila mmoja ana mtoto kifuani, na aliyetaka kukemea alikemea kwa kunong'ona asije akamwamsha wa mwenzake. Kesi za siku zile ziliisha upesi, na watu walirudi nyumbani bado wanasalimiana.

Katika kijiji cha Kwemhanya, kule milimani, aliishi mwanamume aitwaye Semhando. Alikuwa mrefu, mpole, fundi wa kuchonga mizinga ya nyuki, na maziwa yake yalisifiwa hadi vijiji vya bondeni. Mkewe, Hoza, alipojifungua binti yao Kiluwa, alishikwa na homa kali, na alipopona maziwa yake yalikuwa yamekatika. Hakuna aliyepiga kelele. Semhando alimtwaa mtoto, akamweka kifuani, mambo yakaendelea. Kiluwa akanawiri, akawa na mashavu kama maandazi na mikunjo ya mapaja isiyohesabika.

Semhando alijivunia jambo hilo kupita mizinga yake yote. Watu walipopita alikuwa akichonga kwa mkono wa kulia, mtoto amepakatwa kwa wa kushoto, nao walimwambia, "Semhando, mtoto ameitika kwako!" Yeye huinamisha kichwa kama mtu asiyependa sifa, kisha husogeza mtoto kidogo ili waone mapaja.

Basi siku zile palikuwa na mtu aitwaye Mdoe, mpiga mbiu. Kazi yake ilikuwa kuzunguka vijiji na baragumu lake akitangaza habari: nani amefariki, nani amezaa, chui ameonekana wapi. Kila alipotangaza alilishwa, na habari ikiwa nzito alilishwa kuku. Lakini ukaja msimu wa amani tupu. Hakufa mtu, hakuonekana chui, hata mbuzi waliopotea walirudi wenyewe. Mdoe akapuliza baragumu, watu wakaja, akasema, "Leo hakuna jambo." Wakampa mhogo wa kuchoma, tena wa jana.

Mdoe aliona njaa inamjia kwa miguu yote. Akawaza, akatafuta ubao mpana, akaokota kaa la moto lililozimika, akachora mtu. Alichora kichwa, mabega, mikono, kiuno na miguu iliyosimama imara kama ya mtu aliyekabidhiwa mlima. Siku ya gulio akausimamisha ubao ule sokoni, akapuliza baragumu mpaka mishipa ya shingo ikamtoka.

Watu hawakuwahi kuona mtu aliyechorwa. Walijaa kama nzige. Wakatazama, wakazunguka nyuma ya ubao kuona mgongo, wakarudi mbele.

"Mbona kifua chake ni bapa?" akauliza mmoja.

Mdoe akautazama ubao wake. Kisha akapandisha kidevu.

"Huyu ni mwanamume wa ng'ambo ya mlima," akasema. "Huko wanaume kamili wote wako hivi. Kifua kama mlango! Wanawake wa huko wakimwona mmoja anapita, hupoteza njia ya kisimani."

Kila mwanamume akashusha macho polepole na kujitazama kifua chake mwenyewe. Wakati huohuo Semhando alikuwa amesimama mbele kabisa, na Kiluwa alikuwa ananyonya kwa ile sauti yake iliyosikika hadi kwa wauza ndizi. Mtu mmoja akacheka. Wa pili akacheka kwa kuwa wa kwanza amecheka. Semhando akahisi masikio yanawaka moto. Akamchomoa mtoto, akajifunika shuka, na Kiluwa akalia kilio cha mtu aliyenyang'anywa sahani katikati ya chakula.

Siku ile Mdoe alikula kuku.

Kuanzia hapo wanaume wa Kwemhanya hawakuwa na raha. Walianza kujifunga vifua kwa magamba ya mgomba. Wakatembea wamebana pumzi, wanasalimiana kwa sauti nyembamba. Mdoe alipopita tena alitangaza kwamba wanaume wa ng'ambo ya mlima hawambebi mtoto kabisa, na akapewa kuku mwingine. Alipokosa la kuongeza upande wa wanaume, akachora mwanamke mwenye kiuno kama cha nyigu. Hoza alijaribu kujikaza kiuno kwa kamba asubuhi moja. Alipoinama kuchota maji akaona giza, akaifungua kamba palepale kisimani na kuifungia ndoo, akasema huyo nyigu na achote maji mwenyewe.

Lakini Semhando hakuifungua ya kwake. Maziwa yake, kwa wingi wake, yalikataa kutii. Yalipenya magamba ya mgomba, yakatiririka tumboni, na popote alipokwenda sisimizi walimfuata kwa mstari kama wafiwa. Alikuwa akienda nyuma ya nyumba kuyakamua kwenye kichuguu, huku Kiluwa analia ndani. Hoza alimlisha mtoto uji mwepesi. Mtoto aliutema, akautema tena, na mashavu yakaanza kupungua.

"Baba Kiluwa," Hoza akamwambia, "mtoto ana njaa, na chakula chake umekifunga kamba."

"Mama Kiluwa, hujui wanavyonitazama."

"Nani anakutazama?"

"Watu. Wote. Hata yule wa kwenye ubao."

"Yule wa kwenye ubao ana mtoto?"

Semhando akainuka. Aliondoka na shoka lake kana kwamba kuna mti uliomwita. Moyoni alijua mkewe kasema kweli. Lakini kile kicheko cha sokoni kilikuwa kimemwingia kama mwiba wa mchongoma, kila alipogeuka kilimchoma upya.

Siku moja wanaume walikutana, wakaamua kumpandia Muumba kileleni, awaondolee maziwa moja kwa moja, maana magamba ya mgomba yaliwawasha. Wakamtanguliza Semhando, kwa sababu shida yake ilionekana kwa macho. Walipanda mlima wakihema, wakafika kwenye ukungu ambako mtu haoni hata pua yake. Sauti ikatoka ndani ya ukungu, tulivu, kama ya mwenye nyumba aliyekatishwa kazi.

"Kuna nini?"

"Bwana," akasema Semhando, "tumekuja utuondolee maziwa. Yamezidi."

"Mimi nilipima vizuri. Nani amewaambia yamezidi?"

Wanaume wakasukumana viwiko. Mmoja nyuma akajibu kwa sauti ndogo, "Ubao."

Ukungu wenyewe ulionekana kusita.

"Nani?"

"Ubao, Bwana. Uko sokoni."

Muumba akavuta pumzi, na miti ya chini yote ikainama upande mmoja. "Sawa. Ninachowapa watu siwashikizi kwa nguvu. Lakini kwanza niulize: kuna yeyote kati yenu ambaye nyumbani kwake yuko mtoto asiye na maziwa mengine ila ya baba yake? Kama yupo, ainue mkono, nami nitamwachia ya kwake."

Semhando alimwona Kiluwa mbele ya macho yake, mashavu yake yaliyopungua. Mkono wake ukainuka, ukafika begani. Akahisi wenzake wote wanamtazama ndani ya ule ukungu, ingawa ukweli ni kwamba hakuna aliyeweza kuona kitu. Mkono ukapita begani, ukaenda sikioni, akajikuna.

"Basi," ikasema sauti, na ilisema kwa masikitiko. "Maziwa nayachukua. Chuchu naziacha mahali pake. Msije mkawaambia watoto wenu kwamba hamkupewa."

Sasa, maziwa hayamwagwi ovyo. Mahali pale alikuwepo ng'ombe jike anakula majani, hana habari na mtu. Wakati ule ng'ombe alikuwa na chuchu mbili tu, kama mbuzi, na maziwa ya kumtosha ndama wake basi. Muumba akamwongezea nyingine mbili, akamjaza kiwele maziwa ya wanaume wote wa dunia. Ng'ombe akageuza kichwa, akajitazama nyuma, akaendelea kutafuna.

Wanaume walishuka wanaimba, wamefungua vifua, wepesi kama majani makavu. Semhando aliimba kuliko wote, mpaka alipofika uani na kumkuta Hoza amekaa kizingitini, mtoto mapajani.

"Ameukataa uji wote leo," Hoza akasema. "Sasa halii tena. Anatazama tu."

Hapo wimbo ukamkauka Semhando mdomoni. Akamchukua mtoto, akamweka kifuani. Kiluwa akaijua harufu ya baba yake, akachangamka, akashika chuchu kwa ile nguvu yake ya zamani, akavuta. Akavuta tena. Akaiachia, akaitazama, akahamia ya pili. Kisha Semhando akaanza kulia, na machozi yalikuwa ndiyo maji pekee yaliyotoka katika mwili wake.

Kabla hajajipangusa, Mdoe akaingia uani mbio bila baragumu, shuka linaburuzika.

"Mmefanya nini?" akapiga kelele. "Nimeamka nimekauka! Mwanangu wa mwisho ataishi kwa nini?"

Semhando akamtumbulia macho. "Wewe? Wewe ulikuwa unanyonyesha?"

"Nyumbani! Nyumbani kwangu, mlango umefungwa! Kuna ubaya gani?"

"Lakini ulituambia kuhusu wanaume wa ng'ambo ya mlima!"

"Ng'ambo ya mlima sijafika hata siku moja," Mdoe akasema. "Miguu yangu ina baridi yabisi. Nilichora mtu. Ubao ni bapa, basi naye akatoka bapa! Mlitaka kifua kitokeze vipi kwenye ubao? Mliponiuliza mbele za watu, ningesema sijui kuchora? Mimi kazi yangu ni kupiga mbiu. Nani aliwatuma mkafanye?"

Hoza akainuka. Alitoka, akaenda mpaka sokoni, akaung'oa ule ubao, akaubeba kichwani mpaka nyumbani, akaupasua kwa shoka la mumewe. Kipande chenye kifua ndicho kilichowaka vizuri zaidi. Akabandika uji.

Semhando alikimbia mpaka chini ya mlima, akaita kwa nguvu zake zote, "Bwana! Yarudishe! Mimi ndiye, ninaye mtoto!"

Sauti ikajibu kutoka juu, haikuwa na hasira. "Nimeshampa ng'ombe, naye hakulalamika. Nenda ukamwombe yeye."

Basi Semhando akaenda kumwomba ng'ombe, ambaye alikuwa ameshashuka kula majani karibu na kijiji. Watu wa Kwemhanya wakasimama kutazama. Hakuna aliyewahi kukamua mnyama. Hawakujua hata mtu asimame upande gani. Alianza kwa kumsihi kwa maneno, ng'ombe akampiga mkia usoni. Akazunguka kwa nyuma, hilo lilikuwa kosa, akajikuta ameketi kwenye kinyesi. Akainuka, akarudi. Akachutama kwa unyenyekevu, kibuyu kati ya magoti, akaegemeza paji la uso wake ubavuni mwa yule mnyama, akaanza kumwimbia wimbo uleule aliokuwa akimbembelezea Kiluwa. Watu wakacheka. Alisikia wanavyocheka, na safari hii hakugeuka. Ng'ombe akasikiliza. Tone likalia kibuyuni, likafuata la pili.

Kiluwa alikunywa maziwa yale mpaka akalala na kibuyu mdomoni. Mashavu yakarudi. Wanaume wengine, waliokuwa wamecheka, wakaja mmoja mmoja na vibuyu vyao wakimwuliza Semhando kwa heshima, "Ndugu, ule wimbo unaanzaje?" Mdoe alikuwa wa kwanza kwenye mstari.

Na tangu siku hiyo ng'ombe ana chuchu nne na maziwa ya kumshinda ndama wake, na mtu akiyataka sharti achutame kwanza. Na tangu siku hiyo mwanamume huzaliwa na chuchu zisizo na kazi, na huzeeka nazo, na hufa nazo. Mchukueni mtoto mchanga yeyote, mumlaze kifuani mwa baba yake, nanyi mtaona. Atageuza kichwa, atapapasa kwa mdomo, atafika mahali penyewe, atavuta. Akishaona hamna kitu atainua uso na kumtazama baba yake machoni, ametulia kabisa, anasubiri maelezo.

Baba hukohoa, akamwita mama.