Mipango ya Mwalimu Kokugonza

Mbinu ya jana haichezi mechi ya leo. Mmemsikia shangazi yenu akisema hivyo asubuhi, na sasa mnaniuliza nani aliyeanza kuisema. Watu inaowahusu nawafahamu. Methali hii ilianza hivi.

Palikuwa na kinyozi karibu na soko hapa Kashai. Jumapili mchana watu wanane wa mtaa tulikutana kwake kucheza mpira wa kwenye simu. Si ule wa kukimbiza mpira kwa vidole. Katika huu wewe ni kocha: unachagua kikosi, unaamua nani abaki nyuma na nani apande, kisha mechi inaanza na huruhusiwi kugusa kitu. Unatazama tu. Mimi nilitolewa mzunguko wa kwanza, kwa hiyo nilipata muda wa kutosha wa kuwatazama wenzangu.

Fainali walifika wawili. Mmoja alikuwa Rwegasira, fundi viatu, aliyekuwa winga hodari mpaka alipoumia goti. Tangu hapo alikuwa hapiti hata njia ya uwanjani. Mwingine alikuwa Mwalimu Kokugonza, mstaafu wa hesabu, ambaye hajawahi kupiga mpira maishani mwake. Mshindi angekwenda Mwanza kuwakilisha mtaa wetu kwenye mashindano. Tulijua jinsi Rwegasira alivyoitamani safari ile.

Fainali ilikuwa ya mechi mbili, ya pili Jumapili iliyofuata, na mshindi angepatikana kwa jumla ya mabao. Katika ya kwanza, Mwalimu alishinda mabao mawili kwa moja. Rwegasira hakununa. Alisogeza kiti chake.

"Mwalimu, naomba kukuuliza. Uliona nini kwangu?"

"Nilitazama mechi zako zote tisa zilizohifadhiwa kwenye mchezo, hata za kabla ya leo," Mwalimu akajibu. "Mabeki wako wa pembeni hupanda wote wawili kwa pamoja. Nyuma panabaki wazi. Nikaweka watu wenye mbio pembeni, basi."

"Zote tisa?"

"Zote. Hujawahi kubadilisha hata mchezaji mmoja, mwanangu."

"Nilikuwa nashinda, Mwalimu. Ningebadilisha nini?"

Mwalimu akatabasamu, akaondoka zake.

Wiki ile, kila nilipopita kibandani kwake nilimkuta ameweka kiatu cha mteja pajani na simu juu ya kiatu. Alikuwa anatazama mechi za Mwalimu, moja baada ya nyingine.

Jumapili tukajaa kwa kinyozi. Mechi ilipoanza, mabeki wa Rwegasira hawakupanda. Walitulia nyuma, na katikati alikuwa ameongeza kiungo mmoja. Wale wenye mbio wa Mwalimu walikimbia mpaka wakakutana na ukuta, wakarudi, wakakimbia tena. Kufika mapumziko Rwegasira alikuwa na bao moja. Mwisho yakawa matatu bila.

Tulimtazama Mwalimu, tukidhani amekasirika. Yeye akanyoosha mkono.

"Nionyeshe ulivyopanga."

Rwegasira akampa simu. Mwalimu akaisoma taratibu kama anayesahihisha daftari.

"Na wewe, Mwalimu, ulibadilisha nini?" kinyozi akauliza.

"Sikubadilisha kitu," akasema. "Nilimfundisha kosa lake, kisha nikalifanya mimi. Niliona nimeshamjua, nikaacha kumtazama." Akamrudishia Rwegasira simu yake. "Mbinu ya jana haichezi mechi ya leo. Nenda Mwanza, na huko uwatazame watu."

Rwegasira alikwenda. Alishinda mechi mbili, ya tatu akatolewa, akarudi amechangamka kuliko nilivyomwona miaka mingi. Mwalimu alituambia kwamba kabla ya kila mechi alimpigia simu kumkumbusha. Lakini kila mara, hata kabla hajamaliza salamu, Rwegasira alimwahi:

"Najua, Mwalimu. Mbinu ya jana haichezi mechi ya leo."